Ulemavu wa kujifunza: Mtoto asiyejua kusoma si mzembe

Na MWANDISHI WETU

NI nadra kumpata mwalimu wa shule ya msingi Kusini mwa Pwani ambaye hajakutana naye: mtoto anayeeleza kwa ufasaha jinsi nyavu zinavyotegwa, lakini akipewa kitabu hunyamaza.

Wenzake humwita mjinga, mwalimu humwona mzembe, na nyumbani huenda ikasemekana amerogwa. Mwisho wake mara nyingi ni kuiacha shule.

Baadhi ya watoto hawa wana ulemavu wa kujifunza. Hii ni hali ambapo mtu mwenye akili za kawaida hupata ugumu mkubwa wa kuhusisha herufi na sauti, au kushughulikia tarakimu. Hauonekani kwa macho wala hautokani na uvivu.

Aina zake kuu ni disleksia, inayoathiri kusoma na tahajia; disgrafia, inayoathiri kuandika; na diskalkulia, inayoathiri hesabu. Makadirio ya kimataifa huonyesha kuwa disleksia pekee huwapata watu kati ya asilimia 5 na 10.

Hali hii si ngeni. Mnamo 1896, daktari Mwingereza W. Pringle Morgan alieleza kisa cha mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi wa hesabu lakini aliyeshindwa kusoma, ingawa alikuwa amefundishwa kwa miaka mingi.

Lugha

Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Kwa hivyo, mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kuunganisha silabi, ila kwa kasi ndogo mno. Mwalimu anayehesabu makosa tu hatamtambua.

Kwa upande mwingine, mtoto aliyelelewa kwa Kidigo au Kiduruma anayekwama katika Kiingereza pekee, huenda hana ulemavu wowote. Hajaijua lugha hiyo bado.

Funzo la Kwale

Kati ya 2010 na 2012, utafiti uitwao HALI ulifanywa katika shule 101 za msingi za umma, katika zilizokuwa wilaya za Kwale na Msambweni. Katika baadhi ya shule hizo, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, maandalio ya masomo yaliyokuwa tayari, na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kuwaelekeza.

Baada ya miaka miwili, wanafunzi wao waliwashinda wenzao katika vipimo kadhaa vya kusoma na kuandika. Walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, ikilinganishwa na asilimia 5.3 katika shule ambazo hazikupata msaada huo.

Utafiti huo haukuhusu ulemavu. Hata hivyo, unaonyesha kuwa wengi wanaobaki nyuma wanakosa mafundisho yafaayo, si akili. Anayeendelea kukwama hata baada ya kufundishwa vyema ndiye anayehitaji kuchunguzwa zaidi.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mtoto apimwe macho na masikio. Pili, mzazi na mwalimu waangalie iwapo amekuwa akikosa masomo kwa sababu ya maradhi, njaa au kuhamahama.

Tatu, apelekwe katika kituo cha kutathmini mahitaji ya kielimu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo inaweza kumwelekeza mzazi.

Darasani, mwalimu anaweza kumwongezea muda, kumkubalia ajibu kwa mdomo, kumfundisha sauti moja baada ya nyingine, na kutomlazimisha kusoma kwa sauti mbele ya wenzake.

Sheria

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza ubaguzi katika kuwasajili wanafunzi, na kifungu chake cha 36 kinapiga marufuku adhabu ya viboko.

Kwa hivyo, mzazi wa Diani au Msambweni anayeambiwa kuwa mwanawe hafundishiki hana sababu ya kumtoa shuleni. Ana haki ya kudai afanyiwe tathmini, na mtoto aendelee kuketi darasani wakati majibu yakisubiriwa.