Bei Khiyari: Benki ya Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi za hapa Hamriya pana sanduku lililotoka Unguja. Ndani yake, chini ya kanga na picha, mna karatasi za Kiarabu ambazo vijana hawawezi kuzisoma. Mara nyingi tumeitwa tuzisome, na aghlabu ni hati za deni.

Tukiulizwa wazee wetu walikuwa na benki gani, jawabu la haraka ni Jetha Lila, nyumba ya Kihindi iliyoweka na kukopesha fedha Unguja kwa miaka mingi. National Bank of India nayo ilifungua tawi mwaka 1892. Lakini mwenye shamba la karafuu hakuanzia benki. Alianzia kwa tajiri wa Kihindi aliyemjua babu yake na idadi ya mikarafuu yake. Tajiri huyo naye alikopa kwa mkubwa wake mjini.

Kwa kuwa riba ni haramu, mkopo ulifanywa kwa bei khiyari, muamala uliojulikana pia Oman. Mtu aliuza shamba lake kwa rupia kadhaa, akabaki na khiyari ya kulikomboa kwa muda maalumu. Wakati huo alilikodi shamba lile lile, na kodi ndiyo ilikuwa faida ya mkopeshaji. Muda ukipita bila malipo, shamba limekwenda.

Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, kazi ya shamba ikataka fedha taslimu, na bei ya karafuu haikutulia. Madeni yalirundikana hata mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe bila idhini.

Tumelelewa tukiambiwa kuwa Mhindi alitunyang'anya. Hati hazikanushi uchungu huo, ila zinaonyesha pia saini ya babu na majina ya mashahidi, jirani zake. Mapinduzi ya 1964 yaliwakuta wote wawili: huyu akapoteza shamba, yule daftari lake.

Familia moja tunayoijua ilichana hati zake kwa haya, baada ya kusomewa. Tunawanasihi wengine wasifanye hivyo. Deni la babu si aibu. Karatasi ile hutaja shamba, mipaka yake na majirani zake, na huenda ndipo mahali pekee majina hayo yalipobaki.