Kuunda, Kuhamisha na Kunakili: Istilahi Tatu za Programu za Kompyuta

Februari 2023 meli ya MV Mwanza ilishushwa majini mjini Mwanza, na magazeti yakaandika habari za "ujenzi" wake. Kwa Kiswahili cha asili cha mabaharia, nyumba hujengwa, bali chombo huundwa. Kuunda ni kuunganisha vipande kwa utaratibu maalumu hata kipatikane kitu kimoja kinachofanya kazi.

Tofauti hiyo yamfaa mfasiri wa mambo ya kompyuta. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa maabara ya Bell, Marekani, alitunga Make, zana inayosoma utaratibu wa vipande vya programu na kuviunganisha. Wafasiri wengi huiita kazi hiyo "kujenga". Kwa maoni yetu, kuunda ndilo neno lake.

Istilahi ya pili ni kuhamisha, na mfano wake umo ziwani. Meli ya Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaundwa tena na kuanza safari mwaka 1961. Vipande peke yake vingekuwa rundo la chuma. Ilipasa utaratibu wa kuviunganisha uhame pamoja navyo.

Ndivyo ilivyo kwa programu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice. Wakati huo matoleo ya OpenOffice yalitunzwa kwa zana iitwayo CVS. Mwaka 2008 yakahamishiwa Subversion. LibreOffice, iliyochipuka humo mwaka 2010, ilichagua Git, na zana yake ya kuundia, dmake, ikaachwa sehemu baada ya sehemu, nafasi yake ikashikwa na GNU Make.

Katika uhamisho wa namna hii huzuka maswali mawili. Je, watu wahame kwa siku moja, au kidogo kidogo? Na je, ihamishwe historia yote ya mabadiliko, au toleo la mwisho tu? Toleo la mwisho ni jepesi kubeba, lakini haliwezi kumwambia mrithi nani alibadili mstari fulani, lini, na kwa sababu gani. Kumbukumbu za LibreOffice zinarudi nyuma hadi mwaka 2000.

Kwa hiyo ni lazima tutenganishe kuhamisha na kunakili. Kunakili ni kuchukua hali ya leo. Kuhamisha ni kuchukua hali ya leo pamoja na historia yake na utaratibu wa kuiunda. Mtumishi wa serikali akitia saini mkataba wa "kuhamisha mfumo" bila tofauti hiyo kuelezwa, aweza kukabidhiwa nakala tupu, wala asiwe na neno la kudai kilichosalia. Istilahi iliyo wazi ni kinga yake.