Nta ya Sikio: Namna ya Kuiondoa Nyumbani Bila Kumuumiza Mtoto

Ukimchungulia mtoto sikioni ukaona kitu cha kahawia kimekaa mlangoni, mkono hutaka kukitoa hapo hapo. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa sikio safi ni lile lisilo na kitu ndani, na kwamba mama anayeacha nta ionekane ni mzembe. Sivyo ilivyo. Masikio mengi hayahitaji kusafishwa ndani hata mara moja, na sehemu kubwa ya nta inayoziba masikio ya watoto imesukumwa huko na mtu aliyekuwa anajaribu kuitoa.

Ukurasa huu unakueleza lini uiache, lini uilainishe mwenyewe nyumbani na kwa kutumia nini, na lini usijaribu chochote bali uende zahanati.

Nta inafanya kazi gani

Ngozi ya sehemu ya nje ya tundu la sikio ina tezi ndogo zinazotoa mafuta. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa na vumbi ndiyo nta. Huzuia maji yasilowanishe ngozi ya ndani, hunasa vumbi na wadudu wadogo, na huwafanya vijidudu washindwe kustawi. Mtoto asiye na nta kabisa huwashwa na sikio kwa sababu ngozi imekauka.

Sikio pia lina namna yake ya kujisafisha. Ngozi ya ndani hukua ikielekea nje, polepole sana, na kila mtoto anapotafuna au kuongea taya husaidia kuisogeza nta mlangoni. Ikifika nje hukauka na kudondoka, mara nyingi usiku kwenye mto au wakati wa kuoga, bila mtu kuona.

Rangi isikutie hofu. Nta inaweza kuwa ya njano, ya rangi ya asali, ya kahawia au karibu nyeusi. Inavyokaa sikioni kwa muda mrefu ndivyo inavyozidi kuwa nyeusi. Kwa watu wengi wa Afrika huwa laini na yenye kunata. Ile kavu yenye magamba ni ya kawaida zaidi kwa watu wa Asia ya Mashariki, ingawa popote unaweza kukutana na mtoto aliye nayo.

Pamba za vijiti, njiti na unyoya wa kuku

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na la mtoto ni fupi zaidi. Mwishoni mwake kuna ngoma ya sikio, ngozi nyembamba kama karatasi. Kijiti cha pamba kina upana unaokaribia upana wa tundu lenyewe, kwa hiyo unapokiingiza hakichoti nta. Kinafuta kidogo pembeni, na hicho ndicho unachokiona kwenye pamba ukafurahi, huku nyingine ikishindiliwa ndani mahali ambapo haitoki tena yenyewe. Chukua pakiti ya vijiti hivyo usome maandishi yake: pakiti nyingi huonya kwamba visiingizwe ndani ya tundu la sikio.

Njiti ya kiberiti, pini ya nywele, kifuniko cha kalamu, ufunguo na unyoya wa kuku ni vibaya zaidi, kwa sababu vinakwaruza. Mkwaruzo mdogo katika sehemu yenye joto na unyevu hugeuka kidonda, na kidonda huleta uvimbe na maumivu makali. Na mtoto hatulii. Anageuka ghafla, au ndugu yake anapita mbio na kukugonga kiwiko, na ngoma inatoboka kwa sekunde moja. Matundu mengi ya namna hiyo hupona yenyewe ndani ya wiki kadhaa, lakini mengine hayaponi, na mtoto hubaki na usikivu mdogo na sikio linalotoa usaha kila anapopata mafua.

Yapo pia mambo yanayofanywa kwa nia njema: maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani yaliyokamuliwa, mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto jikoni. Maziwa ya mama hayana mpinzani kwa tumbo la mtoto, lakini sikioni huchacha na kuwalisha vijidudu. Mafuta ya moto yanaunguza. Ile mishumaa ya kuwekwa sikioni na kuwashwa haivuti nta hata kidogo. Yale masalia ya kahawia yanayobaki ndani yake ni ya mshumaa wenyewe, na watu wameungua nyuso kwa ajili yake. Kinyozi anayemalizia kunyoa kwa kuchokoa masikio kwa kifaa kile kile alichotumia kwa mteja aliyetangulia, mshukuru kwa kunyoa, usimruhusu kuendelea.

Utajuaje kwamba nta imeziba kweli

Nta inayoonekana tu, mtoto akiwa anasikia vizuri na hana shida yoyote, iache. Ikiwa imefika nje kabisa, futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu ukikizungusha kwenye kidole, na uishie pale kidole chako kinapoishia.

Nta iliyoziba huleta dalili. Mtoto mkubwa atasema sikio limejaa, linavuma au linawasha. Mdogo atakuwa anavuta sikio au kulikuna. Wengine hukohoa kikohozi kikavu kisichoeleweka, kwa kuwa upo mshipa wa fahamu unaogusa ngozi ya sikio na koo pia. Dalili kubwa kuliko zote ni kutosikia: anaongeza sauti ya televisheni, anauliza “nini?” mara kwa mara, anaitwa kutoka nyuma haitiki. Mtoto wa namna hii huitwa mkaidi nyumbani na mzito wa kuelewa shuleni. Kabla hujamwadhibu kwa kutotii, simama nyuma yake umnong'oneze jina la kitu anachokipenda. Kama hageuki, anahitaji kuangaliwa masikio.

Kuangaliwa, nasema, kwa sababu nta si chanzo pekee. Maji yanayojikusanya nyuma ya ngoma baada ya mafua huzuia usikivu vilevile, na huwezi kuyaona kwa macho wala kwa tochi ya simu. Kingine ni kitu alichojitia mwenyewe. Harage, punje ya mahindi au shanga iliyofunikwa na nta kidogo inafanana kabisa na nta. Harage likipata maji huvimba na kukwama, kwa hiyo ukishuku kitu cha namna hiyo usiweke maji wala matone.

Betri ndogo ya duara, ile ya saa, rimoti au mdoli, ni dharura. Huanza kuunguza ngozi ndani ya saa chache. Usiweke kitu chochote sikioni. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Usijaribu nyumbani ikiwa

Sikio linatoa usaha, damu au majimaji, au limewahi kutoa usaha huko nyuma. Mtoto ana maumivu au homa. Aliwahi kuambiwa ngoma yake imetoboka, alifanyiwa upasuaji wa sikio, au aliwekewa mirija midogo kwenye ngoma. Ana umri wa chini ya miaka 2. Kwa hao wote, mhudumu wa afya aangalie kwanza kwa kile kifaa chenye taa, ndipo muamue.

Sababu ni moja: ngoma ikiwa na tundu, chochote unachodondosha kinapita hadi sikio la kati. Iko ishara moja ambayo mama anaweza kuinasa. Mtoto akisema anaonja dawa kooni mara baada ya kuwekewa matone, simamisha, maana huenda ngoma ina tundu.

Kulainisha nta, hatua kwa hatua

Lengo la nyumbani ni kuilainisha nta ili sikio liitoe lenyewe. Hujaribu kuichota.

Unaweza kutumia mafuta ya zeituni, glisirini, au matone ya sodiamu baikaboneti yanayouzwa duka la dawa kwa ajili ya masikio. Tafiti zilizolinganisha matone ya aina mbalimbali hazijaonyesha moja lililo bora waziwazi kuliko mengine, kwa hiyo usishawishiwe kununua chupa ya bei kubwa kwa sababu ina picha ya sikio. Jambo la kuangalia ni kwamba mafuta au glisirini iwe tupu: nyingi zinazouzwa kwa ajili ya nywele na ngozi zimetiwa manukato, nayo huwasha. Mafuta ya lozi yanafaa pia, isipokuwa kwa mtoto anayedhurika na lozi au karanga. Ukinunua dawa ya dukani, mweleze mfamasia umri wa mtoto, na ufuate kipimo kilichoandikwa.

Pasha chupa joto la mwili: ishike kiganjani dakika chache, au iweke ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu. Usiiweke jikoni. Matone ya baridi, na ya moto pia, huleta kizunguzungu na kutapika. Jaribu tone moja kwenye mkono wako kwa ndani. Usisikie baridi wala joto.

Mlaze mtoto kwa ubavu, sikio lenye shida likiwa juu, na khanga kuukuu chini ya kichwa. Tundu la sikio halijanyooka, hivyo linahitaji kunyooshwa kidogo: kwa mtoto wa chini ya miaka 3 vuta sikio taratibu kwenda chini na nyuma, kwa mkubwa zaidi na mtu mzima vuta kwenda juu na nyuma. Dondosha matone 2 au 3. Bonyeza kidogo kile kinyama kilicho mbele ya tundu, mara tatu nne, matone yaingie. Abaki amelala dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo hadithi inapohitajika, au katuni. Akiinuka acha yatiririke nje, ufute. Usimzibe kwa pamba.

Rudia mara 3 hadi 4 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, kisha uache. Nta inaweza kuendelea kutoka vipande vipande kwa muda wa wiki 2.

Siku ya kwanza au ya pili mtoto anaweza kusikia vibaya zaidi kuliko mwanzo. Nta kavu ikilowa huvimba, na ile nafasi ndogo iliyokuwa inapitisha sauti inaziba. Walezi wengi huogopa hapa na kurudi kwenye kijiti cha pamba, wakati ambao nta ni laini na rahisi kabisa kushindiliwa. Vumilia. Baikaboneti inaweza kutoa mlio kama wa soda; hilo si tatizo. Maumivu, kizunguzungu au ngozi kuwa nyekundu ni tatizo: acha matone.

Kupuliza maji kwa bomba la sindano usijaribu kwa mtoto, hata bila sindano yenyewe. Nguvu ya maji ikizidi hutoboa ngoma, na huna namna ya kuona unakoelekeza.

Ukifika zahanati

Kama baada ya wiki 2 bado hasikii vizuri, mpeleke. Nta iliyokwisha kulainishwa hutolewa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo siku zile hazikupotea bure. Mhudumu anaweza kuisafisha kwa maji yenye joto la mwili, kuivuta kwa mashine, au kuitoa kwa kifaa maalumu huku akiona ndani. Mkumbushe historia ya usaha kama ipo, na mwombe aangalie tena akimaliza. Ngoma ikionekana vizuri na mtoto bado hasikii, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na apimwe usikivu.

Usaha usingoje wiki 2. Mhudumu atakuuliza umetoka kwa siku ngapi, kwa sababu matibabu ya usaha wa chini ya siku 14 na ule wa siku 14 au zaidi hayafanani. Jitahidi kukumbuka ulianza lini. Atakuonyesha jinsi ya kukausha sikio kwa utambi laini wa kitambaa safi, angalau mara 3 kwa siku. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni wa kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi na babu nao

Nta ya wazee ni kavu zaidi na huziba upesi, hasa kwa wanaovaa mashine za kusikia. Watoto wenye sindromu ya Down nao wana matundu membamba na huziba mara kwa mara. Kwa hao, kuangaliwa masikio kila wanapohudhuria kliniki ni jambo la kuomba, usisubiri wakuambie. Mzee mwenye kisukari asisafishwe kwa maji kabla hajamweleza mhudumu kuhusu kisukari chake, kwa kuwa maambukizi ya sikio kwake yanaweza kuwa mazito na kuingia hadi kwenye mfupa. Na mashine ya kusikia inayopiga filimbi au iliyopungua sauti, angalia kwanza kama kijitundu chake hakijazibwa na nta kabla ya kununua betri mpya.