SHAHIDI HUANZA KWA KUSIKILIZA

Somo: Yohana 4:27–42

 

Wengi katika makanisa yetu huipenda Injili, lakini huogopa kuisema. Jumapili tunaimba kwa nguvu. Jumatatu jirani anapotuuliza kwa nini tunamwamini Yesu, tunajibu, "Ngoja mchungaji aje." Wengine kati yetu wana shida iliyo kinyume cha hiyo. Wanasema sana, tena kwa kipaza sauti, wala hawajui hata jina la mtu anayewasikiliza. Basi leo tutazame jinsi Neno lilivyofika katika nchi yetu, tujifunze kwa waliotutangulia.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf wa shirika la CMS alifika Mombasa. Miezi michache baadaye mke wake alifariki, na mtoto wao mchanga pia. Krapf hakurudi kwao. Aliketi na wenyeji akajifunza Kiswahili. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Walihubiri miaka mingi wakaona matunda machache mno. Wa kwanza kubatizwa pale Rabai, mwaka 1851, alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Katika macho ya wanadamu hiyo ni hesabu ndogo. Lakini mtu huyo mmoja alipata rafiki wa kuketi naye na kumfundisha kwa saburi.

Mwaka 1847 Rebmann alifika Kasigau, na mwaka 1848 akapita nchi ya Wataita akielekea Uchagani. Kiongozi wake njiani alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei Rebmann aliona weupe juu ya mlima. Akamwuliza Bwana Kheri ni kitu gani kile. Naye akamjibu kwa neno moja tu: ni baridi. Kwa neno hilo Rebmann akatambua kwamba kile alichokiona ni theluji.

Habari hiyo ilipofika London, mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliikataa. Cooley alikuwa na vitabu vingi, lakini hakuwa amefika Afrika Mashariki hata siku moja. Miaka zaidi ya kumi ilipita kabla ya msafiri mwingine, von der Decken, kupanda sehemu ya mlima na kuthibitisha kwamba Rebmann alisema kweli.

Wapendwa, ninyi wa Njukini mnauona mlima huo kila asubuhi mawingu yanapoondoka. Uwakumbushe jambo hili. Shahidi si mtu mwenye maneno mengi, bali ni mtu aliyeona. Tena Rebmann, aliyekuja kufundisha, alikubali kwanza kufundishwa na mwenyeji. Angalikuwa na kiburi cha kutouliza, angalipita asijue alichokiona.

Wengine walimfuata. Mwaka 1883 J. A. Wray alianza kazi juu ya mlima wa Sagalla, karibu na Voi. Mwaka uliofuata njaa kuu iliwapata Wataita, ile iitwayo Mwakisenge. Watu wakafa, wengine wakatawanyika, na baadhi ya watu wa Sagalla wakapelekwa Rabai wapate chakula. Je, mtu angehubiri nini wakati huo? Mwenye njaa huisikia kwanza Injili katika kibaba cha mahindi. Wray alirudi Sagalla akaendelea kujifunza, na mwaka 1894 kitabu chake cha kufundisha lugha ya Kitaita kilichapishwa London. Ilikuwa miaka kumi na mmoja tangu afike.

Tutazame pia kazi iliyovunjika, maana nayo ina fundisho. Mwaka 1885 CMS walianza kituo Moshi kwa Mangi Rindi, aliyeitwa pia Mandara. Mangi huyo aliwapokea wageni, lakini alichokitaka zaidi ni bunduki, mafundi na urafiki wa wenye nguvu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi: Kilimanjaro ikawa upande wa Wajerumani, na Taveta upande wa Waingereza. Mwaka 1892 vita vilitokea kati ya Wajerumani na Mangi Meli, mwana wa Rindi. Wajerumani wakawashuku wamisionari Waingereza kwamba waliwachochea Wachaga. Mwaka huo huo kituo kikafungwa.

Tuone basi hatari iliyopo Injili inapofungamana na zawadi na ugomvi wa wakubwa. Mtu akija kanisani kwa ajili ya zawadi, zawadi zikiisha naye huondoka. Na watu wakituona kuwa wa upande fulani wa siasa, maneno yetu juu ya Kristo watayapima kwa siasa hiyo.

Lakini Mungu hakufungiwa na mpaka. Mmisionari Steggall aliteremka Taveta, na baadhi ya vijana wa Kichaga waliokuwa wakifundishwa naye wakamfuata. Wakajenga kituo cha Mahoo, jina lililopo hata leo. Hapo Steggall alitafsiri Injili kwa Kitaveta, na tangu mwaka 1895 gazeti dogo, Taveta Chronicle, likapigwa chapa papo hapo. Mtaveta akalisikia Neno kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Na kutoka kwa wachache wa Sagalla na Mahoo kazi ikaenea, hata mwaka 1993 ikaanzishwa Dayosisi ya Taita Taveta ya Kanisa la Anglikana.

Sasa zamu ni yetu. Siku ya soko tunakutana na Mtaveta, Mchaga, Mkamba, Mtaita na Mmaasai, Mkristo na Mwislamu. Tutaanzia wapi? Yule mwanamke Msamaria hakusoma chuo cha Biblia. Aliuacha mtungi wake kisimani, akaenda mjini akawaambia watu yaliyompata, akawaalika waje waone wenyewe. Hakudai kuwa anajua yote. Nao walipokwisha kumsikia Yesu wenyewe, imani yao haikusimama tena juu ya maneno ya mwanamke.

Basi juma hili mtembelee jirani mmoja. Mwulize habari za watoto, za shamba, za mgonjwa wake. Msikilize mpaka amalize. Kama ana shida, msaidie unavyoweza, wala usimdai kitu. Akikuuliza juu ya imani yako, mwambie kwa maneno machache yale ambayo Bwana amekutendea wewe. Usilolijua, sema hulijui, mkaliulize pamoja.

Tuombe. Ee Bwana, ulikaa kisimani ukaomba maji kwa mtu uliyetaka kumpa uzima. Utufundishe kuketi na jirani zetu kwa unyenyekevu. Utuondolee woga, utuondolee na kiburi. Utupe sikio kabla ya ulimi, na upendo kabla ya vyote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.