Tovuti Iliyowaachia Wageni Waende Zao

Leo hakuna msimbo hata mstari mmoja. Nataka tupige gumzo la historia, ingawa historia yenyewe imenijia kupitia simu ya lawama.

Wakati fulani nilitengenezea chama kimoja cha ushirika cha wakulima tovuti. Niliipamba kwa mbwembwe zote nilizozijua: picha kubwa za mashamba zinazopishana zenyewe, maneno yanayoingia yakiteleza, na kidirisha cha kumlaki mgeni kabla hajaona chochote. Ukurasa wa mbele ulikuwa na uzito wa megabaiti sita. Kwenye tarakilishi yangu Nairobi ulifunguka kufumba na kufumbua. Miezi mitatu baadaye mwenyekiti akanipigia. "Kijana wangu, tovuti inapendeza sana," akasema, "lakini watu wamerudi kupiga simu ofisini kuuliza bei." Nikachungulia kumbukumbu za seva. Wengi walikuwa wamefika mara moja tu, hawakurudi tena. Mkulima alitaka bei ya kilo ya parachichi wiki hiyo, basi, na mimi nilikuwa nimeificha chini ya picha tano za parachichi.

Chuoni tulisoma sayansi ya kompyuta miaka minne. Tulifundishwa namna ya kupanga data, namna ya kuunganisha mitambo, lakini hakuna aliyetusimulia vita vya ukurasa wa mbele vya miaka ya 1990. Laiti ningevijua, nisingeipokea simu ile.

Basi turudi nyuma, ndugu msomaji, hadi California. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha tovuti walizozipenda. Orodha hiyo ikawa Yahoo. Tarehe 15 Desemba 1995 kampuni ya Digital Equipment ikafungua AltaVista, mtambo wa kutafutia uliosoma kurasa nzima nzima badala ya vichwa vya habari tu. Wakati huo ulikuwa muujiza. Ukurasa wake ulikuwa mwepesi, unaandika neno, unapata jibu.

Kisha fedha zikaingia. Matangazo yalilipiwa kwa kuhesabu macho, kwa hiyo wenye mitaji wakataka tovuti zinazonata kama ulimbo: mgeni akitua asibanduke. Yahoo ikaongeza barua pepe mwaka 1997, ikarundika habari, hali ya hewa, bei za hisa, soga na michezo. Wengine wakaiga. Tovuti hizi ziliitwa milango ya mtandao, ingawa ukiniuliza mimi, mlango ambao hutaki mtu atoke kupitia kwake ni mtego. AltaVista nayo, baada ya kupita mikononi mwa Compaq na kuuzwa kwa CMGI mwaka 1999, ilijigeuza lango mwaka huohuo. Kile kisanduku kilichowaleta watu kikazungukwa na vikorombwezo. Iliishia mikononi mwa Yahoo mwaka 2003, ikazimwa Julai 2013.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Larry Page na Sergey Brin, nao wa Stanford, walikuwa na mtambo wao uliopanga matokeo kwa kuangalia ni kurasa zipi zinazoelekezwa viungo na kurasa nyingine. Walijaribu kuuuza kwa Excite, mojawapo ya malango makubwa ya enzi hizo, na Excite ikakataa. Steven Levy, katika kitabu chake In the Plex cha mwaka 2011, anasimulia kwamba mkuu wa Excite hakufurahia kuona mtambo ule ukitoa majibu mazuri mno: mtu akipata anachotaka papo hapo, ataondoka. Hebu fikiria! Ubora ulihesabiwa kuwa hasara. Lakini tusimcheke haraka, maana kwa hesabu za wakati ule alikuwa na hoja. Mimi mwenyewe, na vitabu vyote nilivyosoma, nilificha bei ya parachichi.

Google ilisajiliwa kuwa kampuni Septemba 1998. Ule ukurasa wake mweupe, ambao walimu wa usanifu wanausifu hadi leo, haukutokana na falsafa yoyote. Marissa Mayer, aliyejiunga nao mwaka 1999, ameeleza kwamba Brin aliuacha hivyo kwa sababu hawakuwa na mtaalamu wa kurasa na yeye hakuijua HTML vizuri. Waliwakalisha wanafunzi mbele yake kuujaribu, nao wakakodoa macho tu bila kuandika neno. Walikuwa wakisubiri sehemu iliyobaki ifunguke! Walikuwa wamezoea malango, wakaona haiwezekani ukurasa uwe umeisha. Ndipo ukaongezwa mstari mdogo wa hakimiliki chini, kuwaonyesha kwamba hapo ndio mwisho.

Kusubiri kwenyewe kulikuwa kumechunguzwa zamani. Robert Miller wa IBM aliliandikia suala hilo mwaka 1968, na Jakob Nielsen akalitolea vipimo mwaka 1993: sehemu ya kumi ya sekunde mtu huona jambo limetokea hapo hapo, sekunde moja bado fikira zake hazijakatika, sekunde kumi amekwisha kukuacha. Mwaka 2006 Mayer alisimulia jaribio lao la kuonyesha matokeo 30 badala ya 10. Watu walikuwa wameyaomba wenyewe. Ukurasa ukachukua sekunde 0.9 badala ya 0.4, na utafutaji ukashuka kwa asilimia 20. Nusu sekunde! Na hao ni watu waliosema wanataka matokeo mengi, kwa hiyo siku hizi mteja akiniambia anachotaka namsikiliza, kisha napima.

Kwetu Kenya kusubiri kulikuwa na bei iliyoandikwa ukutani. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mtandao wetu ulipitia setilaiti, nasi katika saiba tulilipa kwa dakika. Nikiwa darasa la tano dada yangu alinipeleka saiba mjini kusoma barua pepe yake. Alikuwa ameandika majibu kwenye karatasi nyumbani ili asipoteze muda kufikiri. Matangazo yakafunguka kwanza, moja baada ya jingine, huku kisaa kilicho pembeni mwa kioo kikihesabu. Alikuwa akikitazama kile kisaa, si barua.

Sisemi weupe wa ukurasa ndio uliowapa Google ushindi peke yake. Majibu yao yalikuwa bora. Yahoo yenyewe iliutumia mtambo wao kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, na hivyo ikawatambulisha kwa wageni wake. Wala wao si malaika, maana ukurasa wao wa matokeo umejaa matangazo siku hizi.

Nilirudi kwenye tovuti ya ushirika, nikaifumua bila malipo. Bei iko juu kabisa, kwa herufi kubwa, na tarehe yake. Chini yake nambari ya simu na siku za kuchukua mazao. Ukurasa mzima ni kilobaiti 38. Baada ya wiki chache kumbukumbu za seva zikaanza kuonyesha simu zilezile zikirudi kila Jumatatu asubuhi, zinakaa sekunde chache, zinaondoka.

Mwenyekiti alipoufungua mara ya kwanza alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama bado unaendelea kufunguka. Nilicheka peke yangu, kisha nikaongeza mstari mdogo chini kabisa: jina la ushirika na mwaka.