Mbona nukta nyingine za Pac-Man ni nyembamba?

Najua nimekuwa kimya, kazi za chumba cha habari zimenibana na mhariri hajui neno "kesho". Leo naomba tuache siasa pembeni, nina hadithi ya historia ambayo imeanzia sebuleni kwa dada yangu.

Jumapili iliyopita mpwa wangu, ana miaka 11, alinijia na kikasha cha gemu cha mkononi alicholetewa zawadi. Plastiki tupu, hakina jina la kampuni wala kijitabu cha maelezo. Alikuwa anacheza Pac-Man. Akanionyesha skrini akaniuliza, "Mjomba, mbona hizi nukta nyingine ni nene na nyingine nyembamba? Imeharibika?"

Nikaangalia. Kweli. Safu moja nukta ziko sawa, safu nyingine zimebanwa kama mkate uliokaliwa. Nikaanza kubofya kwenye menyu nikitafuta pa kurekebisha, nikakutana na maandishi madogo: MAME 2000, na namba 0.37b5. Hapo nikaganda. Kikasha ni kipya kabisa. Programu iliyomo ni ya mwaka 2000, wakati mama yake huyu mtoto bado anavaa sare ya shule! Nani anachukua programu yenye umri huo na kuiweka kwenye kifaa cha leo? Na ina uhusiano gani na nukta nyembamba? Usiku huo sikulala mapema. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Tuanze na mashine zenyewe. Pac-Man haikuzaliwa kwenye kikasha cha mkononi. Ilitoka Japani mwaka 1980, mbunifu wake ni Toru Iwatani wa kampuni ya Namco. Ilikaa ndani ya kabati refu la mbao kama kabati la nguo, ukitumbukiza sarafu unacheza. Ndani ya kabati kuna bodi ya umeme, na kwenye bodi kuna chipu iitwayo Z80 inayopiga mapigo milioni 3.072 kwa sekunde. Kila kampuni ilichora bodi zake, na mara nyingi kila gemu ilikuwa na bodi yake. Ukiwa na gemu 100, una karibu kompyuta 100 tofauti.

Bodi hizo hazikutengenezwa zidumu. Mwenye ukumbi akiona gemu haiingizi hela tena, anang'oa bodi anaweka nyingine. Nyingine zilitengenezwa zife kabisa. Mwaka 1993 kampuni ya Capcom ilianza kutumia mfumo wa bodi ulioitwa CPS-2. Programu ya gemu ilifungwa kwa siri, na ufunguo wa siri hiyo ulikaa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri. Betri ikiisha, ufunguo unapotea, na bodi nzima haiwaki tena. Lengo lilikuwa kuzuia wezi wanaonakili, lakini betri haijui mwizi na mwenye mali. Inakufa tu.

Sasa akaja Mtaliano mmoja, Nicola Salmoria. Mwishoni mwa 1996 alianza kuandika programu ya kuiga bodi ya Pac-Man kwenye kompyuta ya kawaida, na tarehe 5 Februari 1997 akatoa toleo la kwanza la programu moja ya kuiga bodi za aina nyingi. Ndiyo MAME. Programu ya namna hii huitwa emuleta. Mimi namwita mkalimani, na sitanii. Gemu ya zamani inazungumza lugha ya Z80. Kompyuta yako haijui Z80. Mkalimani anakaa katikati, anasoma amri moja ya Z80, anaitamka kwa lugha ya kompyuta yako, anarudi kusoma inayofuata. Mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, bila kunywa maji.

Salmoria hakubaki peke yake. Wataalamu wa nchi mbalimbali walijiunga, kila mmoja na bodi anayoijua, bila mshahara. Ilipofika toleo la 0.37b5, mwaka 2000, MAME ilikuwa imefikisha zaidi ya seti 2,000 za gemu. Na msimamo wao ulikuwa wazi: kazi yetu ni kuandika kumbukumbu ya jinsi bodi hizi zilivyofanya kazi kabla hazijapotea. Kucheza ni faida ya ziada tu.

Shikeni msimamo huo, maana ndipo ugomvi ulipo.

Mwaka 2001 kampuni ya Korea Kusini, Game Park, ilitoa kifaa cha mkononi kiitwacho GP32. Huenda hamjawahi kukisikia, hakikuuzwa sana. Lakini kilikuwa na jambo moja ambalo Nintendo hawakulitoa: mtu wa kawaida aliruhusiwa kuandika programu yake mwenyewe na kuiweka ndani kwa memori kadi. Kwa watundu wa kompyuta ilikuwa kama kufunguliwa lango la sokoni alfajiri. Moja ya mambo ya kwanza waliyotaka ni kuhamishia MAME humo.

Kuhamisha! Neno jepesi. Unadhani ni kama kunakili wimbo kutoka simu moja kwenda nyingine. Hebu tuangalie hesabu.

GP32 ilikuwa na chipu ya aina ya ARM, kasi yake rasmi MHz 133, na kumbukumbu ya MB 8. Wakati huo kompyuta za mezani zilishagusa GHz 1. Kwa Pac-Man, kila Z80 inapopiga pigo 1, ARM inapiga kama 43. Amri fupi kabisa ya Z80 huchukua mapigo 4, kwa hiyo mkalimani ana mapigo yasiyozidi 175 hivi kutafsiri amri moja. Si haba. Lakini ni huyo huyo anayechora picha ya nukta 76,800 (skrini ya 320 kwa 240) mara 60 kila sekunde, na ni yeye anayepiga sauti.

Halafu kuna mambo ambayo kompyuta ya mezani inayabeba kimya kimya na ARM ile haiyabebi. Haikuwa na sehemu ya kukokotoa namba zenye nukta za desimali. Palipokuwa na desimali ilibidi msimbo uandikwe upya kwa namba nzima, kama mtu anayeamua kuhesabu kila kitu kwa senti ili asishughulike na vipande vya shilingi. Pia ARM ile ukiiambia isome namba kubwa kuanzia mahali pasipo mpaka wake kwenye kumbukumbu, mara nyingi hailalamiki. Inakuletea namba isiyo sahihi na kuendelea na safari. Fikiria unatafuta kosa la namna hiyo saa nane usiku, kwenye kifaa ambacho hakina hata kibodi.

Mwezi Novemba 2005 ikaja GP2X, kutoka kampuni ya GamePark Holdings. MHz 200, MB 64, Linux ndani, inatumia betri mbili za kawaida kama za redio. Hapa ndipo mtaalamu mmoja wa Hispania, anayejulikana kwa jina la utani Franxis, alipotoa MAME ya GP2X. Na hapa ndipo jibu la swali langu lilipo. Mwaka 2005 MAME mpya zilikuwapo, tena nyingi. Yeye akarudi nyuma akachukua 0.37b5 ya mwaka 2000.

Kwa nini? Kwa sababu timu ya MAME ilikuwa inatimiza ahadi yake. Kila toleo jipya liliiga bodi kwa uaminifu zaidi, na uaminifu una gharama: programu inakuwa nzito. Kwenye kompyuta za mezani hakuna aliyejali sana, maana kila mwaka zilitoka zenye nguvu zaidi. Kwenye kifaa cha betri mbili, toleo jipya lingetambaa. La mwaka 2000 lilikuwa na gemu za kutosha, na bado lilikuwa jepesi kubebeka. Aliyetaka gemu iende ilibidi akubali ukweli uliopungua kidogo.

Na hata hilo halikutosha. Chukua Street Fighter II ya Capcom, ya 1991. Bodi yake ina chipu ya 68000 ya MHz 10, ina Z80 nyingine kwa ajili ya sauti, na chipu ya muziki ya Yamaha. Ni wakalimani watatu kwa mpigo. Tena 68000 hupanga namba kwa kuanza na sehemu kubwa, na ARM ya vifaa hivi huanza na ndogo. Ni kama Mswahili anayesema "ishirini na tano" anapoongea na Mwarabu ambaye kwake ni "tano na ishirini". Wote wako sahihi, lakini kila namba inabidi igeuzwe.

Dawa ilikuwa kuacha lugha ya C na kuandika upya moyo wa mkalimani kwa lugha ya chini kabisa ya chipu ya ARM, amri kwa amri. Wengine walishafanya kazi hiyo: Cyclone kwa 68000, DrZ80 kwa Z80. Franxis akaviunganisha na MAME. Kasi ikapanda, lakini baadhi ya gemu zikakosea, kwa sababu wakalimani hawa wa haraka walikuwa wanaruka maneno fulani. Basi akaweka chaguo kwenye menyu: mchezaji achague mwenyewe atumie Cyclone, au DrZ80, au vyote, au asitumie chochote. Kulikuwa na chaguo jingine la kuruka picha, yaani badala ya kuchora picha 60 kwa sekunde, zichorwe chache. Na la kushusha ubora wa sauti.

Menyu hiyo ndiyo iliyonigusa kuliko yote. Mtaalamu alishindwa kukupa vyote, akakuwekea mezani bei ya kila kitu, akakuambia chagua. Ni wanasiasa wangapi mnaowajua wanaofanya hivyo? (Samahani, niliahidi kuacha siasa.)

Turudi kwenye nukta za mpwa wangu. Skrini ya Pac-Man kwenye kabati ilisimama wima: upana 224, urefu 288. Skrini ya kikasha imelala: 320 kwa 240. Ukikigeuza kikasha ubavu, 288 inaingia kwenye 320 na 224 inaingia kwenye 240, kila nukta mahali pake. Usipokigeuza, mistari 288 inatakiwa iingie kwenye 240. Lazima 48 ife, yaani mmoja katika kila 6. Na nukta ndogo anazokula Pac-Man zina unene wa mistari 2 tu. Mstari unaouawa ukipita juu yake, nukta inabaki nusu. Kikasha hakijaharibika. Ni mtu alilazimika kuchagua cha kutupa.

Sauti nazo zimelipa. Baadhi ya sauti za Donkey Kong ya 1981 zilitoka kwenye saketi za umeme, hazikutoka kwenye chipu ya muziki, na MAME za zamani zilizipiga kama sauti zilizorekodiwa kando. Matoleo ya baadaye yaliiga saketi zenyewe. Anayecheza la mwaka 2000 hana habari.

Na la mwaka 2000 limesambaa. Kutoka GP2X likapata jina MAME4ALL, likaenda kwenye simu za Android na iPhone, likaingia kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Desemba 2011 lilionekana kwenye duka la programu la Apple kwa jina iMAME, likaondolewa ndani ya siku chache. Apple wenyewe walikuja kuruhusu emuleta za gemu za zamani Aprili 2024.

Sasa niseme langu. Kuna wanaowadharau hawa wahamishaji kwamba walieneza nakala yenye kasoro. Siwaungi mkono. Kumbukumbu sahihi inayokaa kabatini bila kuguswa ni nusu ya kumbukumbu. Lakini na mimi nina lalamiko, na si kwao. Masharti ya MAME ya miaka ile yalikataza programu hiyo kuuzwa. Leseni huria ilikuja Machi 2016, kwa matoleo mapya. Gemu zenyewe zina wenyewe, Namco na Capcom. Kikasha cha mpwa wangu kimeuzwa dukani na vyote hivyo ndani, na hakuna jina hata moja. Kwenye gazeti, habari yangu ikitoka bila jina langu nagombana na mhariri wiki nzima. Hawa walitoa usiku wao bure, sharti lao kubwa likiwa isigeuzwe biashara.

Nilimrudia mpwa wangu nikamwambia ageuze kikasha ubavu, nikamwonyesha mahali pa kubadili kwenye menyu. Nukta zote zikawa sawa. Akazihesabu safu mbili tatu kuhakikisha, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo huyo Mtaliano bado yupo?" Nikamwandikia majina kwenye karatasi, akaibandika nyuma ya kikasha kwa gundi ya shule.

Kama na wewe una kikasha cha namna hii nyumbani, fungua menyu uniambie umekuta toleo gani. Tuonane wiki ijayo, mhariri akipenda.