Picha Pekee Hazitoshi: Miswada ya Asia katika Maktaba ya Leiden

Septemba 2017 Malkia Máxima wa Uholanzi alifungua Maktaba ya Asia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Miaka michache kabla ya hapo chuo kilikuwa kimekabidhiwa makusanyo ya KITLV, taasisi iliyoasisiwa mwaka 1851 ili kuchunguza lugha na jamii za makoloni ya Uholanzi. Maktaba za aina hii zinapotangaza rasilimali mpya, aghalabu hutaja idadi ya kurasa zilizopigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho ni finyu. Muswada huwa rasilimali pale wenye lugha yake wanapoweza kuutafuta kwa majina wanayoyajua, na kisha kuusoma.

Tuchukue La Galigo, utenzi mkubwa wa Wabugis wa Sulawesi Kusini, nchini Indonesia. Muswada wake mashuhuri, uliohifadhiwa Leiden, una majuzuu 12 na kurasa 2,851, na bado unakadiriwa kubeba takriban theluthi moja tu ya kisa chote. Uliandikwa katikati ya karne ya 19 na Colliq Pujié, mwanamke msomi wa ukoo wa kifalme wa Tanete, kwa ajili ya B. F. Matthes, mtafsiri wa Biblia. UNESCO iliuingiza katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2011. Hata hivyo, namba yake ya rafu, NBG 188, ina jina la chama cha Biblia kilichomtuma Matthes. Mwandishi mwenyewe hamo. Mtafutaji asiyejua historia ya wamisionari wa Uholanzi hawezi kuikisia namba hiyo.

Kuusoma nako ni kazi nyingine. Kibugis cha kale kilichotumika humo ni wachache wanaokimudu, hata miongoni mwa Wabugis wenyewe. Ndiyo maana juzuu ya kwanza yenye tafsiri ya Kiindonesia, iliyotegemea kazi ya miaka mingi ya Muhammad Salim, ilichapishwa mwaka 1995, na ya pili mwaka 2000. Kamera humaliza kazi yake mapema. Msomaji mahiri huhitaji umri mzima.

Wapo watakaosema kwamba jawabu ni kurudisha miswada kwao. Katika suala la haki, hoja hiyo ina uzito. Nagarakretagama, utenzi wa mwaka 1365 unaosifu dola ya Majapahit, ulitwaliwa na Waholanzi katika vita vya kisiwa cha Lombok mwaka 1894, ukahifadhiwa Leiden, kisha ukarejeshwa Indonesia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nakala ya kidijiti haiwezi kufuta uporaji wa namna hiyo. Lakini muswada uliorudishwa nao huhitaji wajuzi wa hati na lugha yake. Wengine watasema picha zitangulie, elimu itafuata. Ni kweli kwamba picha humwokolea mtafiti wa Makassar, huko Sulawesi Kusini, nauli ya kwenda Ulaya. Ila elimu haifuati yenyewe: lazima itengewe fedha, walimu na muda katika bajeti ileile inayonunua mashine za kupigia picha.

Suala hili linatugusa pia sisi wa Afrika Mashariki. Maktaba ya SOAS jijini London, inayohudumia taaluma za Asia na Afrika kwa pamoja, inahifadhi miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazifundishwi kwa wanafunzi wetu wengi. Kwa hiyo vyuo vya Afrika Mashariki visiridhike na kupewa viungo vya mtandaoni. Vidai mambo matatu: maelezo ya katalogi kwa Kiswahili, majina ya watunzi na wanakili yapewe nafasi sawa na ya wakusanyaji, na nafasi za masomo kwa vijana watakaojifunza kuzisoma hati hizo. Pasipo hayo, tutakuwa tumefunguliwa milango ya maktaba tusiyoweza kuisoma.